Mwenye soko anapokuwa mchuuzi, nani ashike mizani?

Kila yanapozungumzwa makampuni makubwa ya teknolojia kama vile Google, Apple, Amazon, Meta na Microsoft, kwamba yamehodhi soko la intaneti, huzuka swali ambalo kwa haraka haraka huonekana halina jibu. Swali lenyewe ni hili: Inakuwaje kampuni ishitakiwe kwa ukiritimba ilhali huduma yake ni ya bure, hakuna aliyelazimishwa kuitumia, na mwenye kutaka nyingine anaweza kuipata kwa kubonyeza kidole mara moja tu?

Nimeulizwa swali hili na wanafunzi wa biashara, nimeulizwa na vijana wanaouza nguo na viatu kupitia WhatsApp, na nimelisikia likisemwa na watu wenye elimu yao. Si swali la kupuuzwa hata kidogo. Mtu aliyezoea kusikia kwamba mkiritimba ni yule anayeficha sukari ghalani ili bei ipande, ana haki ya kushangaa anapoambiwa kwamba mkiritimba wa leo ni yule anayegawa huduma bila kutoza hata senti moja.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kutumia kesi zilizokwisha kusikilizwa na kuamuliwa, si kwa hisia wala kwa chuki dhidi ya mataifa ya watu. Na jibu langu nalitanguliza mapema ili msomaji apate kunipima njiani. Ukiritimba wa zama hizi haupimwi kwa bei anayolipa mtumiaji, wala haupimwi kwa ukubwa wa kampuni peke yake. Unapimwa kwa kujua ni nani amekaa njiani kati ya muuzaji na mnunuzi, na kama wawili hao wanayo njia nyingine ya kukutana.

Ukiritimba ni nini hasa?

Tuanze na msingi. Kuwa mkubwa si kosa. Mwenye mgahawa ambaye pilau yake ni tamu hata mtaa mzima ukajaa kwake, hajamdhulumu mtu. Wateja wamemfuata kwa miguu yao wenyewe, na siku pilau itakapoungua wataondoka kwa miguu hiyo hiyo. Lakini mwenye mgahawa huyo huyo akienda kwa wauza mchele wote wa mji akawalipa wasiwauzie wenzake, hapo jambo limebadilika. Pilau yake yaweza ikabaki kuwa tamu vile vile, ila sasa wateja hawaji kwake kwa sababu ya utamu pekee. Wanakuja kwa sababu kwingine kumefungwa.

Sheria za nchi nyingi zimejengwa juu ya tofauti hiyo. Marekani ilitunga sheria yake ya kuzuia ukiritimba, iitwayo Sheria ya Sherman, mwaka 1890. Mwaka 1911, kwa kutumia sheria hiyo, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamuru kampuni ya mafuta ya Standard Oil, iliyojengwa na John D. Rockefeller, ivunjwe, na ikagawanywa kuwa makampuni 34. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitaji. Katika miaka ambayo kampuni hiyo ilikuwa ikikua, bei ya mafuta ya taa Marekani ilikuwa inashuka, haipandi. Basi kosa lilikuwa nini? Miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa ni kwamba ilipata punguzo la siri la nauli kutoka kwa makampuni ya reli, na ikashika mabomba ya kusafirishia mafuta. Mshindani wake angeweza kuchimba mafuta mazuri na kuyasafisha vizuri, lakini angeyafikisha vipi sokoni ikiwa njia ina mwenyewe?

Wakulima wetu hawahitaji kufundishwa somo hili. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola au wa mboga wa Lushoto anajua tofauti kati ya kufika sokoni na kukutana na dalali njiani. Akifika sokoni ataona bei kwa macho yake, atalinganisha wanunuzi, atakubali au atakataa. Akikutana na dalali njiani anayedhibiti magari na mageti, atauza kwa bei ya dalali, na mnunuzi wa mjini naye atanunua kwa bei ya dalali. Wanazuoni wa fiqhi waliliona hili zamani. Mbali na kukataza ihtikari, yaani kuhodhi bidhaa, wamelieleza kwa urefu katazo la Mtume (s.a.w.) la kuwatokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Ni makatazo mawili tofauti, na ni hilo la pili linalotusaidia zaidi kuelewa yanayotokea kwenye intaneti.

Kukaa njiani kabla ya soko

Oktoba 2020 Wizara ya Sheria ya Marekani, ikiungana na majimbo kadhaa, iliifungulia Google kesi ya ukiritimba katika huduma ya kutafuta habari kwenye intaneti. Kesi ilisikilizwa mjini Washington mwaka 2023, na tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta alitoa hukumu kwamba Google ni mkiritimba na kwamba imevunja sheria ili kuulinda ukiritimba wake.

Ushahidi uliotolewa unastahili kusomwa na kila mfanyabiashara. Kwanza, ilionekana kwamba kufikia mwaka 2020 takribani asilimia 90 ya maswali yote yaliyoulizwa katika mitambo ya kutafuta habari nchini Marekani yalikwenda Google, na kwa upande wa simu kiwango kilifika karibu asilimia 95. Bing ya Microsoft, iliyokuwa ya pili, ilikuwa na takribani asilimia sita tu.

Lakini kama tulivyokwisha kusema, wingi wa wateja si hatia. Jaji mwenyewe alikiri kwamba Google imeajiri wahandisi hodari na kwamba mtambo wake ni bora kuliko mingine. Hatia ilikuwa mahali pengine. Mwaka 2021 pekee, Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa watengenezaji wa simu, makampuni ya simu na wenye programu za kufungulia kurasa za intaneti, ili mtambo wake uwe ndio uliowekwa tayari mtu anapowasha simu yake. Mwaka 2022 malipo kwa Apple peke yake yalifika dola bilioni 20.

Hebu tujiulize. Kama ni kweli kwamba kuhama ni jambo la kubonyeza kidole mara moja, kwa nini mtu alipe dola bilioni 26 ili asihamwe? Jibu lilipatikana mahakamani. Watu walio wengi hawabadilishi kile walichokikuta kwenye simu. Wengine hawajui kwamba kinabadilika, wengine wanajua ila hawajui pa kubonyeza, na wengine hawaoni sababu ya kujisumbua. Mahakama ilibaini kwamba takribani nusu ya maswali yote yaliyoulizwa Marekani yalipitia katika milango iliyokuwa imefungwa na mikataba hiyo. Huyo ndiye dalali wetu wa njiani. Mteja hajafika sokoni akalinganisha. Amepokewa mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.

Na kuna la zaidi. Mtambo wa kutafuta habari hujifunza kutokana na maswali ya watu. Kila swali linaufundisha watu wanataka nini na wanabonyeza wapi. Mwenye kupata maswali tisa kati ya kumi anapata masomo tisa kati ya kumi, na mshindani anabaki na moja. Mwakani pengo linapanuka, na mwenye pengo husema, "Mnaona? Wangu ni bora." Ni kweli ni bora, lakini ubora huo sehemu yake umenunuliwa kwa kuwanyima wengine nafasi ya kujifunza.

Tarehe 2 Septemba 2025 Jaji Mehta alitoa uamuzi kuhusu tiba. Serikali ilitaka Google iuze programu yake ya Chrome, naye akakataa. Badala yake alipiga marufuku mikataba ya kumfungia mteja kwa kampuni moja tu, na akaamuru baadhi ya takwimu za utafutaji wapewe washindani wenye sifa. Malipo yenyewe hakuyakataza moja kwa moja. Wapo walioona adhabu hiyo ni nyepesi, na wapo walioona inatosha. Mimi naona jambo la msingi ni kwamba mahakama imetamka bayana kuwa huduma ya bure inaweza kuwa ya kikiritimba.

Mwenye soko naye anapouza

Aina ya pili ya tatizo ni pale mwenye soko anapokuwa naye ni mchuuzi ndani ya soko lake. Hebu tuchukue mfano wa mume na mke wa Uingereza, Adam na Shivaun Raff. Mwaka 2006 walianzisha tovuti yao ya Foundem, iliyokuwa ikimsaidia mnunuzi kulinganisha bei za bidhaa kutoka maduka mbalimbali. Muda mfupi baada ya kufungua biashara, walijikuta wametupwa chini kabisa katika majibu ya Google. Kwa tovuti changa, kutoonekana Google ni sawa na kufungua duka kwenye uchochoro usio na taa. Mwaka 2009 walipeleka malalamiko yao Kamisheni ya Umoja wa Ulaya.

Uchunguzi ulichukua miaka mingi. Juni 2017 Kamisheni iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42. Ilibainika kwamba Google, ambayo nayo ilikuwa na huduma yake ya kulinganisha bei, iliiweka huduma hiyo juu kabisa na kuwashusha washindani. Kwa mujibu wa Kamisheni, hata mshindani aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko wenzake wote, kwa wastani alionekana kuanzia ukurasa wa nne wa majibu. Na nani anafika ukurasa wa nne? Kamisheni hiyo hiyo ilionyesha kwamba majibu kumi ya ukurasa wa kwanza kwa kawaida huchukua takribani asilimia 95 ya watu wote wanaobonyeza.

Google ilikata rufaa, na tarehe 10 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaitupa rufaa hiyo. Hukumu ya mwisho, basi, ilipatikana karibu miaka 15 baada ya malalamiko. Lakini Foundem yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 2016. Haki ilifika, ila iliyemfikia alikuwa marhumu. Hili ndilo jambo linalonisikitisha kuliko yote katika somo hili. Faini ya mabilioni huingia hazina ya serikali. Haimfufui mfanyabiashara mdogo aliyekufa akisubiri.

Amazon nayo ilikumbana na swali kama hilo kutoka upande mwingine. Ni mwenye soko ambamo wafanyabiashara wengine huuza, na yeye mwenyewe anauza humo humo. Kamisheni ya Ulaya ilihoji kama Amazon ilikuwa inatazama takwimu za siri za mauzo ya wafanyabiashara hao ili ijue nini kinatoka haraka, kisha nayo ikaingia kuuza bidhaa hiyo hiyo. Desemba 2022 suala hilo lilimalizwa kwa Amazon kukubali masharti, likiwemo la kutotumia takwimu hizo kwa faida ya biashara yake ya rejareja. Nchini Marekani, Tume ya Biashara pamoja na majimbo 17 waliifungulia kampuni hiyo kesi ya ukiritimba Septemba 2023.

Msomaji ajifikirie anapanga meza sokoni, na mwenye soko anaruhusiwa kufungua daftari lake la mauzo kila usiku. Asubuhi anakuta mwenye soko naye ametandika meza ya bidhaa ile ile, tena karibu na lango. Je, hapo pana ushindani?

Mbona ni bure?

Sasa turudi kwenye lile swali la bure. Ni kweli kwamba anayetafuta habari halipi. Anayelipa ni mwenye tangazo. Muuza vitanda, mwenye hoteli, shule, wakala wa safari, hawa wote hulipa ili waonekane. Katika kesi ile ya mwaka 2024 mahakama ilibaini kwamba Google ilikuwa na uwezo wa kupandisha bei ya matangazo ya maandishi bila ya kuwa na hofu ya kweli ya mshindani. Na muuza vitanda akilipa zaidi kwa tangazo, fedha hiyo anaitoa wapi? Anaiongeza kwenye bei ya kitanda. Hivyo basi, yule aliyetafuta bure ameilipa Google dukani bila kujua.

Jambo hili linatugusa sisi watu wa magazeti moja kwa moja. Mwaka 2008 Google ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, na kwa hatua hiyo ikamiliki chombo ambacho wachapishaji hutumia kuuza nafasi za matangazo katika kurasa zao za intaneti. Ikawa pia ina mnada ambamo nafasi hizo zinauzwa, na katika mnada huo ikawa inachukua takribani asilimia 20 ya kila mauzo. Tarehe 17 Aprili 2025, Jaji Leonie Brinkema wa Mahakama ya Virginia aliamua kwamba Google imehodhi kinyume cha sheria masoko mawili, la chombo cha wachapishaji na la mnada, na kwamba iliviunganisha viwili hivyo ili mwenye kutaka kimoja alazimike kuchukua na kingine. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba dai la tatu, lililohusu mtandao wa wenye matangazo, jaji alilikataa. Septemba mwaka huo huo Kamisheni ya Ulaya nayo ikatoza faini ya euro bilioni 2.95 kwa suala la aina hiyo hiyo la matangazo.

Dalali anayesimama upande wa muuzaji, kisha akasimama upande wa mnunuzi, kisha akawa yeye ndiye mwenye ukumbi wa mnada, hata awe mwaminifu vipi, watu wana haki ya kudai kuona mizani yake.

Upande wa pili nao usikilizwe

Haitakuwa uadilifu kuandika haya bila kutaja hoja za wanaopinga. Hoja yao kubwa ni kwamba teknolojia hujirekebisha yenyewe, na mbabe wa leo huangushwa na mtoto wa kesho. Wana ushahidi. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishitaki Microsoft, ambayo wakati huo ilionekana haishikiki. Mwaka 2000 jaji aliamuru igawanywe vipande viwili, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikaifuta amri hiyo. Microsoft haikugawanywa, na hata hivyo haikuweza kuitawala intaneti. Google iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1998 ikaipita.

Ni hoja nzuri, lakini ina tundu. Mahakama ile ya rufaa ilifuta mgawanyo tu. Haikufuta matokeo kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, na baadaye kampuni hiyo ikawekewa masharti. Wapo wachambuzi wanaoona kwamba bila ya kesi ile kubwa ya kuitia hofu, Microsoft ingeweza kuikaba Google ikiwa bado changa. Mtoto wa kesho hukua pale tu anapopata pa kupitia.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inatoka mahakamani. Desemba 2020 Tume ya Biashara ya Marekani iliishitaki Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta, ikidai kwamba iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni moja na WhatsApp mwaka 2014 kwa takribani dola bilioni 19 ili kuua ushindani. Tarehe 18 Novemba 2025 Jaji James Boasberg aliamua kwamba Tume haikuthibitisha kuwa Meta ina ukiritimba kwa sasa, kwa sababu watu wanahama kwenda TikTok na YouTube, na hao nao ni washindani.

Hukumu hiyo inatufundisha tahadhari. Si kila kampuni kubwa ni mkiritimba katika kila kitu. Lazima kwanza useme ni soko gani unalolizungumzia. Katika soko la kuangalia video fupi za kupitisha muda, Meta ina washindani wa kweli. Lakini kesi ile ilihusu soko la Marekani. Mfanyabiashara wa Tandika au wa Mombasa ambaye wateja wake wote wako WhatsApp anaweza kujiuliza kama TikTok ni badala ya WhatsApp kwake yeye. Akitaka kumtumia mteja picha ya kanzu na kukubaliana bei, ataipeleka wapi?

Sisi tumesimama wapi?

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa muda wa takribani saa sita. Kwa wengine yalikuwa mapumziko. Kwa mwenye biashara ambaye oda, mazungumzo na namba za wateja vyote vimo humo, ilikuwa ni sawa na kukuta soko lote limefungwa kwa kufuli moja. Siku ile wengi walijifunza kwamba milango mitatu waliyodhani ni ya majirani tofauti ina mwenyewe mmoja.

Je, nchi za Afrika zinaweza kufanya lolote? Nigeria imejaribu. Julai 2024 Tume ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji ya nchi hiyo iliitoza Meta faini ya dola milioni 220, kutokana na namna WhatsApp ilivyobadili masharti yake ya mwaka 2021 na kuwafanya Wanigeria wakubali taarifa zao zitumike bila kupewa hiari ya kweli kama waliyopewa watu wa nchi nyingine. Meta ilipinga, na Aprili 2025 baraza la rufaa likaithibitisha faini hiyo. Kwa hiyo wanaosema kwamba sisi ni wadogo mno tusiweze hata kuuliza, wamekwisha kujibiwa.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tuna somo ambalo hata Ulaya wangeweza kuja kulisoma, nalo ni la fedha za simu. Kenya, mawakala wa M-Pesa walikuwa wamefungwa na mikataba ya kutohudumia kampuni nyingine. Airtel ilipolalamika, mamlaka ya ushindani ilisimama, na mwaka 2014 mawakala wakafunguliwa. Tanzania tulikwenda njia ya mazungumzo. Mwaka huo huo wa 2014 mitandao kama Tigo na Airtel ilianza kukubaliana kwamba mteja wa huyu aweze kumtumia fedha mteja wa yule moja kwa moja kwenye simu yake, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia. Leo ni jambo la kawaida mno hata tumesahau kwamba palikuwa na ukuta.

Tazama hekima yake. Hakuna kampuni iliyovunjwa, hakuna aliyenyang'anywa mali yake. Kilichovunjwa ni ulazima wa kukaa mahali pamoja kwa sababu wenzako wote wako hapo. Mkubwa akabaki mkubwa, lakini ikabidi mteja abaki kwa kuridhika, si kwa kufungwa. Sheria ya Ulaya ya Masoko ya Kidijitali, ambayo makampuni yaliyotajwa yalianza kubanwa nayo Machi 2024, imechukua mwelekeo huo huo. Inaitaka WhatsApp ifungue njia ya kuwasiliana na huduma nyingine za ujumbe, na inawakataza wenye milango kupendelea bidhaa zao wenyewe. Haingoji miaka 15 ya kesi ndipo iseme lipi halifai. Imesema tangu mwanzo.

Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo ilitungwa kabla Facebook haijazaliwa, ikiwa na mawazo ya saruji, bia na sukari. Si aibu, kila sheria ina umri wake. Aibu itakuwa kuiacha ibaki hivyo huku biashara za vijana wetu zikihamia kwenye viwanja ambavyo hati yake iko California.

Nini kifanyike?

Kwa wenye mamlaka, nina mambo matatu. La kwanza, wanapochunguza ukiritimba wa mtandaoni wasiishie kuuliza bei anayolipa mtumiaji. Waulize mwenye tangazo analipa nini, na muuzaji anakatwa kiasi gani. La pili, waweke haki ya mtu kuhama na mali yake, maana yake orodha ya wateja wake, picha zake, historia ya mauzo yake na sifa alizopewa na wanunuzi. La tatu, waangalie saa. Uamuzi wa miezi sita wenye kasoro ndogo ni bora kuliko hukumu safi inayotolewa wakati mlalamikaji amekwisha kufunga duka.

Kwa mfanyabiashara mdogo, simwambii aondoke kwenye mitandao hiyo. Ndipo wateja walipo, na kuwafuata wateja ni akili. Namshauri tu asiweke kila kitu kwenye nyumba ya kupanga. Namba za wateja aziandike katika daftari lake au mahali pengine anapopamiliki. Awe na njia ya pili ya kuwafikia, hata kama ni ujumbe mfupi wa kawaida wa simu. Akiweza, awe na tovuti yake ndogo yenye jina lake. Na kabla ya kutia fedha nyingi katika matangazo ya mtandao mmoja, ajiulize maswali matatu: Nikitaka kuondoka kesho, nitaondoka na nini? Mwenye uwanja huu akibadili masharti usiku, nitamlalamikia nani? Na yeye mwenyewe anauza bidhaa kama yangu humu humu?

Maswali hayo matatu ndiyo kipimo cha ukiritimba kwa lugha ya kawaida. Ukiona majibu yake ni "hakuna", "hakuna" na "ndiyo", basi fahamu kwamba hauko sokoni. Uko njiani, na dalali ndiye anayekupangia bei.